Boti Iliyorudi Bila Watu Wake, Kisha Ikarudi Kazini

Nilikuwa nimesimama ubavuni mwa T.G.B., pale Makumbusho ya Bahari ya Scotland mjini Irvine, najaribu kupiga picha boti nzima iingie kwenye simu na haiingii, ndo nikamsikia baba mmoja pembeni anamwambia mwanae kwamba hii ndo ile boti ya uokoaji waliyoikuta imegeuka chini juu, watu wote 8 wamekufa. Mtoto akauliza, kwa hiyo wakaileta hapa? Baba akasema ndiyo, wakaileta hapa.

Hapana. Hawakuileta hapo.

Yaani waliileta, ila baada ya miaka mingi sana, na katikati ya hiyo miaka kuna kitu ambacho nilipokisoma kilinikaa kichwani wiki nzima, wiki ya pili, na bado. Boti ilipinduka Machi 1969. Mwaka 1970 ilikuwa imeshatengenezwa na imepelekwa kituo kingine, ikapewa mabaharia wengine, na jina lake likabaki lile lile.

Na kuna la pili, la tarehe. T.G.B. iliundwa 1962. Shikilia hapo, tutalirudia.

Mnaonisoma siku zote mnajua mi mtu wa Mwanza. Chombo kilicholala matumbo juu majini sisi hatukiangalii kama watu wengine wanavyokiangalia, na Bukoba sina haja ya kumweleza mtu hapa.

Mona

Kabla ya T.G.B. kulikuwa na Mona. Wenye boti zote hizi ni RNLI, taasisi ya uokoaji ya Uingereza na Ireland inayoishi kwa michango tangu 1824, mabaharia wake wengi ni watu wa kujitolea (hao hao walishirikiana na EMEDO ya kwetu Mwanza kwenye kazi ya kuzuia watu kuzama ziwani). Mona ilikuwa ya kituo cha Broughty Ferry, mdomoni mwa mto Tay, tangu 1935, na mpaka usiku ule ilikuwa imeshaokoa watu 118.

Tarehe 8 Desemba 1959 North Carr ilikata mnyororo. North Carr ilikuwa meli ya taa, yaani meli inayotiwa nanga mahali pa hatari ikae kama mnara, ndani yake watu 7. Upepo ulikuwa mkali kiasi kwamba vituo vingine jirani havikuweza hata kushusha boti. Mona ikashushwa saa 9 na dakika 13 usiku. Saa 10 na dakika 48 redio ikasema wamevuka fungu la mchanga la mdomo wa mto.

Baada ya hapo kimya.

Kulipokucha boti ikaonekana ufukweni Buddon, upande wa Carnoustie. Watu 8 wote wamekufa. John Grieve na mwanae walikuwa kwenye boti moja. George Watson mpaka leo mwili haujapatikana. Na wale 7 wa meli ya taa? Nanga ya akiba ilishika, kesho yake helikopta ikawatoa, wazima wote.

Uchunguzi ukasema boti haikuwa na tatizo lolote, ni nzima asilimia mia.

Sasa fikiria wewe ni mtu wa pwani ile, umezika majirani zako, unaambiwa boti ni nzima. Kuna watu walioamini Mona imeingiwa na ubaya fulani. Kwa hiyo ikapelekwa Cockenzie, kusini mwa ghuba ya Forth, wakavua kila kitu cha thamani, wakaifunga kwa minyororo kwenye ukuta wa bahari, na usiku wa manane wakaichoma moto. Na hawakuiba wala hawakufanya kwa kujificha na wakubwa, mkaguzi wa RNLI wa Scotland alikuwa ameruhusu.

Nilipoisoma mara ya kwanza nikasema ah, ushirikina. Nilipoisoma tena sikuweza kusema hivyo. Kama boti ni nzima na mabaharia ni wazuri, basi hasira ya watu inaenda wapi?

Watson aliamua nini

Hapa lazima niingie kwenye ufundi kidogo, nivumilieni, maana bila hili stori yote inakuwa ya bahati mbaya tu.

Mona, T.G.B. na nyingine nyingi ni za ukoo mmoja, unaitwa Watson, kwa jina la George Lennox Watson wa Glasgow (si yule baharia wa Mona), mchoraji wa vyombo aliyekuwa mshauri wa RNLI kuanzia 1887 mpaka alipofariki 1904. Mwaka huo 1887 haukuja hivi hivi. Desemba 9, 1886, meli ya Kijerumani iitwayo Mexico ilikwama karibu na Southport, boti 3 zikaenda, mbili zikapinduka, mabaharia 27 wakafa usiku mmoja. Na boti zile mbili zilikuwa za aina ya kujigeuza, yaani zikipinduka zinatakiwa zirudi zenyewe. Hazikurudi.

Boti za kujigeuza za zamani zilikuwa nyembamba, zina masanduku ya hewa yaliyoinuka mbele na nyuma na uzito mwingi kwenye mkuku, ule uti wa chini kabisa wa boti, kwa hiyo zikiwa chini juu haziwezi kutulia, zinarudi. Ila huo wembamba ndo uliozifanya zipinduke kirahisi. Mabaharia wengi hawakuzitaka. Walichotaka ni chombo kipana, kizito, kinachokaa imara kwenye wimbi, na Watson akawapa hicho. Hoja yake inaeleweka kabisa, afadhali boti isiyopinduka kuliko boti inayopinduka ikarudi.

Tatizo ni kwamba kile kile kilichoifanya Watson isipinduke kirahisi, ule upana, ndicho kilichoifanya ikishapinduka itulie. Inakaa hivyo hivyo chini juu, imara.

Na nataka niwe wa haki hapa. Ukoo huu umefanya kazi ambayo ukiisoma unasisimka. Henry Blogg wa Cromer, mtu mwenye medali nyingi kuliko mwokoaji yeyote wa RNLI, boti yake H. F. Bailey ya 1935 ilikuwa Watson, na ilitoa watu 448 baharini katika miaka 10 tu. Januari 1953 feri Princess Victoria ilipozama kati ya Scotland na Ireland ya Kaskazini, wakafa zaidi ya 130, Sir Samuel Kelly ya Donaghadee, nayo Watson, ilirudi na manusura zaidi ya 30. Kwa miaka karibu 70 hesabu ya Watson ilionekana sahihi. Ndo maana ikawa ngumu kuiacha.

Longhope

Longhope ni kijiji kidogo Orkney, kaskazini kabisa, kinaangalia mlango wa bahari wa Pentland ambao mikondo yake inaogopwa dunia nzima. Machi 17, 1969, meli Irene ya bendera ya Liberia, watu 17 ndani, ilikuwa inaburutwa na upepo kuelekea kisiwa cha South Ronaldsay. T.G.B. ikatoka saa 2 usiku, giza, mawimbi yanafika mita 18.

Nahodha ni Dan Kirkpatrick, mtu mwenye medali 3 za fedha. Wanawe wawili wako naye. Fundi wa injini ni Robert Johnston, na wanawe wawili wako naye. Wengine ni James Swanson na Eric McFadyen. Basi, hao ndo 8, na sita kati yao ni nyumba mbili.

Kesho yake saa 7 na dakika 40 mchana boti ya Thurso ikaikuta T.G.B. inaelea chini juu, ikaivuta mpaka bandari ya Scrabster. Miili 7 ilipatikana. Wa Swanson haukupatikana. Irene yenyewe iliishia kupanda ufukweni na watu wake 17 wote wakavutwa kwa kamba mpaka nchi kavu.

Tena. Waliokwenda kuokoa wamekufa, waliokwenda kuokolewa wazima. Sijui kama kuna namna ya kumweleza hivyo mama aliyepoteza mume na watoto wawili kwa usiku mmoja.

Kati ya 1959 na 1969

Sasa ile tarehe.

Mona imeua watu 8 mwaka 1959. Na mwaka mmoja kabla, 1958, RNLI walikuwa tayari wametoa boti mpya kabisa, ya Richard Oakley, pana kama Watson lakini inajigeuza. Ujanja wake ni maji. Ikishuka baharini inameza tani kama moja na nusu ya maji chini, ikipinduka yale maji yanahamia kwenye tangi la upande mmoja, uzito unaivuta, inarudi kwa sekunde kama 6. Yaani ule ugomvi wa miaka 70, upana au kujigeuza, ulikuwa umeshapata jibu.

Na bado Watson za futi 47 zikaendelea kuundwa mpaka 1963. Kwa jumla zilikuwa 18. Solomon Browne ya 1960 imo. T.G.B. ya 1962 imo.

Hili ndo lililoninyima usingizi. Miaka mitatu baada ya Mona unamkabidhi Dan Kirkpatrick na wanawe boti mpya ambayo unajua ikipinduka hairudi?

Nilikuwa nimeshaandika makala nzima ya hasira, nikaiacha kwanza. Maana ukitulia unaona mambo mawili. Oakley ya kwanza ilikuwa ya futi 37, ndogo, si chombo cha kumpa mtu wa Pentland, na ile kubwa ya futi 48 ilikuja kukamilika miaka ile ile ya mwanzo wa 60. Halafu, ukisimamisha kuunda Watson mwaka 1960 unasubiri Oakley kubwa, vituo vinabaki na nini? Vinabaki na boti za miaka ya 1930. Vinabaki na wenzake Mona.

Kwa hiyo kuendelea kuunda naweza kukuelewa. Kinachobaki kunikaba ni miaka iliyofuata. Boti zilizokuwa kazini ziliachwa kama zilivyo, na uamuzi mzito haukuja mpaka pigo la Longhope, kisha Januari 21, 1970, Fraserburgh, Watson nyingine, Duchess of Kent, ikageuzwa ikienda kusaidia mashua ya uvuvi ya Denmark, 5 wakafa kati ya 6. Kituo cha Fraserburgh kikafungwa mpaka 1978. Hapo ndo RNLI wakasema ifikapo 1980 boti zote kubwa ziwe na uwezo wa kujigeuza.

Kwetu mtu akifa barabarani au ziwani neno la kwanza msibani ni ajali haina kinga. Nimelisema mwenyewe mara nyingi, linafariji. Lakini kwa Longhope siwezi kulisema. Kinga ilikuwepo tangu 1958, ila ilikuwa inakuja polepole, kituo kwa kituo, kwa pesa za michango.

Mfuko wa hewa

Watson zilizokuwa kazini hazikuweza kuchorwa upya, kwa hiyo wakazifungia mfuko juu, sehemu ya nyuma. Boti ikipinduka mfuko unajijaza hewa wenyewe ghafla, unaisukuma irudi. Mara moja tu, huna mfuko wa pili.

Novemba 18, 1979, meli Lone Dania ya Denmark iko taabani magharibi mwa Scotland, boti mbili zinakwenda kutoka visiwa viwili tofauti. Ya Islay ni mpya, inajigeuza kwa umbo lake. Ya Barra ni ya mbao, ya aina ya Barnett, ndugu wa Watson (Barnett ndiye aliyeshika kazi ya Watson alipofariki), na ina mfuko. Usiku ule ule mmoja zote mbili zikapinduka.

Zote mbili zikarudi. Hakufa mtu hata mmoja.

Nilisoma hiyo sehemu nikasimama nikatembea chumbani. Boti ya mbao ya umri ule, bahari ile ile ya Scotland, na wanaume wa Barra wakarudi kwa wake zao wamelowa tu. Si kwamba kinga inamaliza kila kitu, maana mkesha wa Krismasi 1977 kule Kilmore Quay, Ireland, Oakley iligeuzwa mara mbili ikarudi mara mbili na baharia mmoja, Finton Sinnott, akapotea. Mmoja. Uzito wa huyo mmoja kwao ni ule ule, ila nyumba nyingine zilipata watu wao.

Penlee ni habari nyingine

Mtu atasema, na Solomon Browne, boti ya kituo cha Penlee, je? Desemba 19, 1981, Cornwall, ilishuka saa 2 na dakika 12 usiku kwenda kwa Union Star, meli mpya kabisa safari yake ya kwanza, injini imezimika kwa maji ya bahari kuingia kwenye mafuta. Upepo wa kimbunga. Helikopta imeshindwa. Nahodha Trevelyan Richards alikuwa amemkataa kijana wa miaka 17, Neil Brockman, kwa sababu baba yake Nigel alishachaguliwa, na hakutaka wawili wa nyumba moja usiku kama ule. Redio ikasema wameshatoa watu 4. Halafu ikakatika. Wakafa wote, 8 wa boti na 8 wa meli.

Siiweki kwenye mzani mmoja na Longhope. Solomon Browne ilivunjwa vipande vipande, na umbo lolote la boti ya mbao lisingebadili kitu pale kati ya meli ya chuma na majabali. Kuna vifo vinavyomdai mchoraji jibu na kuna vifo vinavyoidai bahari tu, na nadhani ni dharau kwa wafu kuvichanganya.

Ila lile la Richards, la kukataa wawili wa nyumba moja. Hiyo nayo ni kinga, haina gharama hata senti. Neil Brockman alikuja kuwa nahodha wa kituo kile kile.

Zilikoishia

Nyingine za ukoo huu zilizeeka kwa amani. H. F. Bailey iko Cromer, kwenye makumbusho yenye jina la Blogg. Sir Samuel Kelly iko Donaghadee kwao. Nyingi ziliuzwa kwa watu binafsi wakazigeuza za kutembelea, wengine wanaishi ndani, na nyingine zinaoza kwenye matope ya mito na hakuna anayezijua. Mbao ikikaa nchi kavu inakauka, inaachana, kuitunza ni pesa kila mwaka.

Kuna moja isiyo Watson nataka niitaje kwa lazima, George Elmy ya Seaham, ya ukoo wa Liverpool. Novemba 17, 1962 iliwatoa watu 5 kwenye mashua ya uvuvi Economy, ikageuzwa karibu kabisa na bandari, wakafa 9, mabaharia wote 5 na wanne kati ya waliookolewa. Aliyebaki ni mmoja tu, na mtoto wake wa miaka 9 alikuwa kati ya waliokufa. Ikatengenezwa, ikarudi kazini mpaka 1972, ikauzwa ikawa boti ya kuvulia. Mwaka 2009 watu wa Seaham wakaiona inauzwa onlaini, eBay, kama kitu chochote tu. Wakachanga, wakainunua, wakaikarabati, 2013 ikarudi nyumbani.

Sasa unazo tatu mbele yako. Moja imechomwa. Moja imerudi kazini kwa wengine. Moja imerudi kwao.

Swali la baba mdogo

Nilimpigia baba mdogo Ukerewe, amevua maisha yake yote, nikamsimulia Longhope yote bila kuruka. Akanyamaza. Halafu hakuuliza kuhusu waliokufa, akauliza, "Hao wa kule ilikopelekwa, waliambiwa?"

Nikamwambia baba mdogo, jina halikubadilishwa. T.G.B. lilikuwa limeshaandikwa kwenye kila gazeti la Uingereza na Ireland. Walijua.

"Na wakapanda?"

Walipanda. Arranmore, kisiwa cha Donegal, bahari ya Atlantiki moja kwa moja usoni, walifanya nayo kazi kuanzia 1970 mpaka 1978. Miaka 8, ambayo ni mingi kuliko ile ya Longhope. Kila simu ikiita usiku wanaingia boti ile ile walimopatikana wale 7, wanashika usukani aliokuwa ameushika Kirkpatrick. Na hiyo ndo sehemu ambayo yule baba wa makumbusho hakumwambia mwanae, na simlaumu, kila mtu anapoisimulia anaruka kutoka 1969 mpaka makumbusho.

Baba mdogo akasema yeye asingepanda. Mi nikamwambia nadhani ningepanda, tukabishana hapo mpaka salio likakata.

Longhope wenyewe walijaza kituo upya. Mwaka 1970 kilikuwa na mabaharia wa kujitolea tena, na mwaka huo huo makaburini wakasimamisha sanamu ya shaba ya baharia anayeangalia bahari. Miaka mingi baadaye nahodha wa Longhope alikuwa mjukuu wa Dan Kirkpatrick, kwenye boti inayojigeuza.

Kuhusu Mona nimebadilika. Nilianza nikitamani isingechomwa, ingewekwa mahali tuione, tujifunze umbo lake. Lakini T.G.B. inatosha kwa hilo, umbo ni lile lile. T.G.B. ilipata watu walioweza kupanda, Mona haikupata, na waliokuwa na haki ya kuamua ni wale ambao wangelazimika kuingia ndani yake usiku. Sasa nikiulizwa nasema hata mimi ningewashikia kiberiti.